Droni za Undugu

Nchi hii haipo. Natangulia kusema hivyo ili msomaji mwenye cheo asipandwe na presha bure, na msomaji asiye na cheo asicheke kwa sauti mbele za watu. Haipo kabisa. Mto unaopakana nayo haupo, na nchi iliyo upande wa pili wa mto huo nayo haipo. Basi sasa tunaweza kuzungumza kwa amani.

Ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Ng'ambo Hii. Upande wa pili wa Mto Luhombe ilikuwapo Jamhuri ya Ng'ambo Ile, ila taabu ni kwamba watu wa kule nao walijiita Ng'ambo Hii, na hawa wa huku ndio waliowaita Ng'ambo Ile. Kila upande ulikuwa na wimbo wa taifa wa kuthibitisha jambo hilo. Juu milimani, mto unakoanzia, ulikuwapo Ufalme wa Katikati, ambao haukuwa katikati ya kitu chochote, lakini mfalme alilipenda jina na hakuna aliyemuuliza. Ili tusichanganyikiwe, tutafuata matumizi ya Bwana Tabaruki Chengula, maana yaliyotokea yalimtokea yeye, naye alizaliwa Ng'ambo Hii, alisomeshwa na Ng'ambo Hii, na alitarajia kuzikwa Ng'ambo Hii kwa gharama za serikali.

Bwana Tabaruki alikuwa Mratibu Msaidizi wa Anga katika Wizara ya Mambo ya Juu. Wizara hiyo ilishughulikia mawingu, ndege, minara, na embe lolote lililokuwa bado halijadondoka. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye suti moja nzuri ya kijivu, na mwenye kipaji kimoja tu: kuandika vifungu. Ungempa jambo dogo la kawaida, mathalani kufungua mlango, angekuandikia vifungu vya kufungulia, vya kufungia, na cha mwisho cha kueleza nani asimame wapi wakati mlango unasubiri.

Wakati huo nchi zote tatu zilikuwa zimeshanunua droni. Droni zilikuwa nzuri: zilipeleka damu na dawa vijijini, zilipiga picha mashamba yaliyoliwa na viwavi, zilitafuta watu waliopotea. Wataalamu wakashauri kwamba mgonjwa hajui mpaka, na nzige hana pasipoti, kwa hiyo itakuwa busara nchi hizi zitumie droni zao kwa pamoja. Aliye karibu amsaidie aliye mbali. Wakuu wa nchi wakakumbatiana mbele ya kamera, wakatamka neno "undugu" mpaka likachuja, kisha wakawaachia makatibu kazi ya kuhakikisha hakuna anayemwamini mwenzake.

Kazi hiyo ilimwangukia Bwana Tabaruki. Kwa miaka kadhaa alikaa kwenye mahoteli akijadiliana na mwenzake wa Ng'ambo Ile, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa aitwaye Bulemo. Kila mmoja alihofia kwamba droni ya mwenzake, ikisingizia kupeleka dawa ya kuhara, ingepiga picha kambi za jeshi. Bwana Tabaruki ndiye aliyepata suluhisho. Droni yoyote itakayovuka mstari wa katikati ya mto ifunikwe kamera yake kwa kidoto, kama kile anachofungwa ngamia wa kukamua mafuta. Na kwa kuwa droni iliyofungwa macho haioni iendako, isindikizwe na droni ya nchi inakokwenda. Na kwa kuwa msindikizaji naye anaweza kuwa na upendeleo, asindikizwe na droni ya Ufalme wa Katikati ya kumtazama. Bila msindikizaji, hakuna kuvuka. Kifungu kilipigiwa makofi. Bulemo alimshika mkono akasema, "Ndugu yangu, umeziba mpaka tundu la sindano."

Bwana Tabaruki alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha isiyo kifani, akamwambia mkewe kwamba sasa Uratibu Mkuu hauko mbali.

*

Uzinduzi ulipangwa kufanyika kwenye kisiwa cha Funguni, katikati ya Mto Luhombe, mahali penye mashamba ya vitunguu na Kituo cha Afya cha Undugu. Kisiwa hicho Ng'ambo Hii na Ng'ambo Ile kila moja ilisema ni chake. Kituo kilijengwa na nchi zote mbili: moja ilileta kuta, nyingine ikaleta paa, na kila moja ikamwachia mwenzake kuleta daktari. Aliyekuwapo ni nesi mmoja tu, Skolastika, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeletwa na kanisa na kusahauliwa na kila mtu isipokuwa wagonjwa.

Siku ilipofika, boti zilileta mazulia, mahema, vipaza sauti, na kiti cha Waziri wa Mambo ya Juu, Mheshimiwa Kisalazo. Kiti hicho kilikuwa kipana na kirefu, chenye miguu ya simba, kwa sababu Mheshimiwa hakutaka kuzungumza habari za juu akiwa amekaa chini.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "zamani mbingu ilikuwa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Alihangaika nayo mwenyewe, bila mshirika! Leo, kwa juhudi za serikali yenu sikivu, mbingu imeingia katika uratibu!"

Watu wa Funguni wakapiga makofi, maana walikuwa wameahidiwa soda. Droni ikapaa, ikazunguka mara moja juu ya kichwa cha Waziri, ikatua. Ngoma ikapigwa. Kule milimani mvua ilikuwa ikinyesha tangu juzi yake, na maji ya mto yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini maji yalikuwa chini ya wizara nyingine.

Mawimbi yalipoanza kulamba zulia, msafara uliondoka kwa heshima na kwa mbio. Nchi ya Ng'ambo Ile iliondoka na boti zake. Ng'ambo Hii ilipakia wageni wake kufuatana na vyeo, na boti ya mwisho ilipofika kwa Bwana Tabaruki, ilibaki nafasi ya mtu mmoja au kiti kimoja.

"Chengula," alisema Waziri kutoka mbele ya boti, "wewe ni kijana wetu. Kiti hiki ni mali ya umma. Tutakurudia sasa hivi."

Bwana Tabaruki alisimama kwenye tope, akapunga mkono. Hakuona ubaya. Hata alipoona mti mzima ukipita na mizizi yake juu, na nyuma yake kibanda cha kuku chenye kuku juu ya paa, aliendelea kuamini kwamba "sasa hivi" ni kipindi cha muda kinachojulikana.

Mpaka adhuhuri ya siku iliyofuata, kisiwa kilikuwa kimebaki kilima kidogo, na juu ya kilima hicho kituo cha afya, watu wa Funguni, mbuzi zao, magunia ya vitunguu waliyowahi kuyaokoa, na Mratibu Msaidizi wa Anga mwenye suti ya kijivu iliyoroa mpaka magotini. Mto ulikuwa ukinguruma pande zote. Hakukuwa na boti ambayo ingeweza kuvuka, wala mwendesha boti ambaye angekubali.

*

Hapo ndipo Mwajabu alipojifungua.

Mwajabu alikuwa mke wa Lukando, mkulima wa vitunguu. Mtoto alitoka salama, msichana, akalia kwa nguvu, na watu waliojibanza chini ya paa wakapiga vigelegele. Lakini muda mfupi baadaye Nesi Skolastika alitoka nje, mikono yake miekundu mpaka kwenye viwiko, akamtazama Bwana Tabaruki kama mtu anayetazama koleo lililoegeshwa ukutani.

"Mheshimiwa, wewe si ndiye mwenye vile videge?"

"Ni droni," alisema Bwana Tabaruki. "Ndiyo, kwa namna fulani."

"Basi ita kimoja. Damu haikatiki. Sindano niliyokuwa nayo nimeshampa, na tumbo nimelisugua mpaka mikono imekufa ganzi. Nahitaji damu, kundi O. Nahitaji sasa."

Moyo wa Bwana Tabaruki uliruka kwa furaha, jambo ambalo alikuja kulionea haya baadaye. Hii ndiyo siku! Programu haijamaliza hata siku mbili na tayari inaitwa kazini. Hospitali ya Ng'ambo Ile ilikuwa palepale ng'ambo, paa lake jekundu likionekana juu ya miti. Alichukua redio ya uratibu, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaita.

"Tunakusikia, ndugu yangu!" Kicheko cha Bulemo kilijaa redioni. "Damu ipo. Droni iko tayari, imeshafungwa kidoto. Shahidi wa Katikati ameshafika, wale wanapenda sana kutazama. Bado msindikizaji wenu tu. Mlete tuvuke."

Bwana Tabaruki akaita wizarani kwake. Akajibiwa na mwanamke mwenye sauti tamu kwamba droni ya kusindikiza inafanya kazi vizuri sana, na hivi sasa imefuatana na Mheshimiwa Waziri bara, kupiga picha mapokezi yake baada ya kunusurika na mafuriko.

"Basi irudi!"

"Mheshimiwa anapokewa kwenye vituo vyote, Bwana Chengula. Na bado kuna suala la damu yenyewe. Mwanasheria anauliza: raia wetu akitiwa damu ya Ng'ambo Ile, atabaki raia kwa kiasi gani?"

Bwana Tabaruki alikaa juu ya gunia la vitunguu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kifungu chake kikiwa kimesimama mbele yake, na hakikuwa maandishi tena. Kilikuwa upana ule wa maji, ambao jiwe la kombeo lingeweza kuuvuka, na damu iliyokuwa ikisubiri upande wa pili imefungwa macho.

Akaita tena kwa Bulemo. "Bulemo, njooni hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeandika. Nawaruhusu."

"Uliandika pia kwamba mwandishi hana mamlaka ya kuruhusu," alisema Bulemo, na safari hii hakucheka. "Nikivuka bila msindikizaji, jeshi lenu linaitungua droni, na mimi nalala ndani. Unajua hivyo. Tulibishana wiki nzima juu ya sentensi ile."

Ndipo wakasikia mvumo angani. Watu wote wakatoka, wakanyoosha mikono, wanawake wakaanza kulia kwa furaha. Droni nyeupe yenye bendera ya Ng'ambo Hii ilishuka mpaka usawa wa paa, ikasimama hewani, ikakohoa, kisha ikasema kwa sauti ya Waziri:

"Wananchi wa Funguni! Serikali yenu inawapongeza kwa uvumilivu wenu. Endeleeni kuwa watulivu. Msile vyakula vilivyolowa."

Bwana Tabaruki alikimbia chini yake huku akipunga koti. "Sindikiza! Nenda pale mstarini usindikize!"

Sauti nyingine, ya kijana fulani aliyekuwa mbali, ikamjibu kwa upole. "Samahani mzee, hii ni droni ya Wizara ya Habari. Sisi tunahamasisha tu." Kisha ikawapiga picha, ikaenda zake.

*

Nesi Skolastika alimwita ndani. Mwajabu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha chuma, miguu imeinuliwa juu ya matofali, uso wake umekuwa kama majivu. Lukando alikuwa amepiga magoti kichwani pake, akimpepea na kifuniko cha boksi. Nesi alimtia mtoto mikononi mwa Bwana Tabaruki bila kumuuliza, kwa sababu mikono mingine yote ilikuwa na kazi.

"Baba," alisema Mwajabu, macho yakimtafuta, "mbona giza limeingia mapema?"

Ilikuwa saa za alasiri, na jua lilikuwa limepenya mawingu likimulika dirishani.

"Mawingu tu, mama," alisema Bwana Tabaruki. "Yatapita."

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyotazamia, na wa moto. Alikuwa amefumba ngumi moja kwenye ukosi wa koti lake.

"Kuna njia moja," Nesi alisema kwa sauti ya chini walipofika mlangoni. "Nimekusikia ukizungumza. Kidege chao hakiwezi kuvuka mpaka. Je, kama mpaka haupo hapa?"

"Usiseme hivyo."

"Kama kisiwa ni chao, kitakuwa kinavuka nini?"

"Dada, unajua adhabu yake? Ofisa wa serikali, kwenye redio inayorekodiwa, aigawe ardhi ya nchi? Nitaitwa msaliti. Nyumba ni ya serikali. Mke wangu..."

Lukando alikuwa ametoka nyuma yao. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata sasa alisema kana kwamba anaomba radhi.

"Mzee, mimi nimezaliwa hapa. Ushuru wa vitunguu tunatoa kote kote. Wa huku wakija wanachukua, wa kule wakija wanachukua. Sijui kisiwa ni cha nani. Mimi najua mke ni wangu."

Bwana Tabaruki alitazama huku, akatazama kule. Aliwaza kumrudishia mtu mtoto kwanza, lakini ile ngumi ilikuwa imeshikilia ukosi. Kwa hiyo alibonyeza redio kwa kidole gumba, mtoto akiwa kifuani.

"Bulemo. Kisiwa ni chenu."

Kisha Bulemo akasema taratibu, kwa sauti ya ofisini, "Tafadhali rudia, utaje jina lako na cheo chako. Unarekodiwa." Na chini kwa chini, kama mtu aliyeziba kinasa sauti kwa kiganja, akaongeza: "Una hakika, ndugu yangu?"

"Mimi, Tabaruki Chengula, Mratibu Msaidizi wa Anga wa Jamhuri ya Ng'ambo Hii, natamka kwamba kisiwa cha Funguni, na udongo wake, na vitunguu vyake, ni mali ya nchi yenu. Sasa leteni damu, mwanaharamu wewe!"

Droni ilikuja kabla Nesi hajamaliza kufunga mpira kwenye mkono wa Mwajabu. Ilikuja macho wazi, bila kidoto, bila msindikizaji, kama ndege yeyote wa Mungu. Iliteremsha boksi kwa kamba mpaka mikononi mwa Lukando, ikageuka. Ikaja tena na boksi la pili. Jua lilipokuwa likielekea kuzama Mwajabu aliomba maji, kisha akaomba mtoto wake, na ilibidi Nesi aifumbue ile ngumi kidole kimoja kimoja.

*

Maji yalipungua. Tope likakauka, watu wakapanda vitunguu upya. Boti zilianza kupita mtoni, na Bwana Tabaruki alikwenda ufukweni kila asubuhi na suti yake iliyofuliwa.

Boti ya Ng'ambo Hii haikusimama. Redioni alimsikia Waziri Kisalazo akieleza taifa kwamba nyoka aliyekuwa kifuani pake amejidhihirisha. Mkewe alimpigia mara moja tu. Alisema wameshapewa notisi ya kuhama, amehamia kwa dada yake, na watu wanamwita mke wa muuza visiwa. Kisha akauliza, "Yule mama alipona?" Aliposikia kwamba amepona, alisema, "Haya," na simu ikakatika.

Ng'ambo Ile nayo ilifanya sherehe, ikampa Bwana Tabaruki nishani ya ushujaa bila yeye kuwapo, ikakataa kumpokea. Alikuwa mgeni aliyeingia nchini mwao bila kugongewa muhuri. Tena Bulemo alimweleza kwa masikitiko kwamba shahidi wa thamani namna ile hawezi kuachwa atembeetembee barabarani, asije akabadili maneno. Kuhusu Ufalme wa Katikati, mfalme alipotazama ramani yake hakukiona kisiwa, hivyo mtu aliyekuwa juu yake hakuweza kuhesabiwa kuwa yupo.

Majeshi yakasogezwa kingo zote mbili. Mambo yalipokaribia kuharibika, mawaziri wa nchi tatu wakakutana kwa dharura, na hapo ukatokea muujiza ambao wanazuoni bado wanauandikia: wakakubaliana kabla ya chakula cha mchana. Kisiwa cha Funguni kisiwe cha mtu yeyote mpaka suala lake litakapoamuliwa. Hakuna chombo kitakachotua, kushusha, wala kupakia. Ila ili asionekane yeyote kumdanganya mwenzake, kisiwa kitazamwe kutoka juu, mchana kutwa, kwa zamu.

Na zamu hizo, msomaji, zilikwenda kama saa ya ukutani. Droni ya Ng'ambo Hii haijaondoka, ya Ng'ambo Ile imeshafika. Ya Katikati ilipokezana nazo bila kugongana hata siku ya upepo. Hakuna iliyofungwa kidoto. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kujifunza jinsi mataifa matatu yanavyoweza kutumia anga moja kwa upatano wa namna ile, na walionyeshwa kwenye skrini kubwa kilima, paa la kituo, na mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu akitembea kutoka upande mmoja wa kisiwa kwenda wa pili, kisha akirudi.

Asubuhi moja alikuwa ameketi nje ya kituo akimsaidia Nesi kukunja bandeji zilizofuliwa. Mwanamke mwingine wa pale, Sijaona, alikuja akitembea kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia mbele. Alisalimia, akaketi kwenye kivuli cha ukuta, akahema.

"Baba Tabaruki," alisema, "nasikia wewe ndiye uliyemwitia Mwajabu damu. Mimi mara ya kwanza nilipoteza nyingi, nikanusurika kwa Mungu tu. Ikinitokea tena utawaambia nini?"

Bwana Tabaruki alitafuta kitu chochote ambacho bado kilikuwa chake cha kutoa.

"Kwani hivi vilivyo juu yetu haviwezi kuleta?" Sijaona aliuliza, akionyesha kwa kidevu. "Si viko hapahapa kutwa?"

Nesi Skolastika aliacha kukunja bandeji. Bwana Tabaruki aliinua uso. Zamu ilikuwa ikibadilishwa, na droni zote tatu zilikuwa zimekutana hewani juu ya kituo, zimetulia sawasawa.

"Zina ruhusa ya kutazama tu, mama," alisema.

Moja ikashuka kidogo, ili ilione tumbo vizuri zaidi.